Bango Lililofungwa Kiunoni

Soko la Tandika, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Marobota yameshakatwa kamba, wauzaji wamepanda juu ya meza na kila mmoja ananadi kwa sauti yake. Katika rundo la fulana za mitumba niliona sura niliyoifahamu: mwanamke wa Kizungu, kitambaa chekundu cha madoadoa kichwani, shati la buluu, mkono mmoja kaukunja ngumi, wa pili unapandisha mkono wa shati kama mtu anayejiandaa kufua mablanketi. Juu yake kuna maneno ya Kiingereza, maana yake tunaweza. Nikamuuliza muuzaji huyu mama ni nani. Akaitazama fulana, akanitazama na mimi. "Bondia huyo, bosi. Elfu tatu tu."

Hakuwa bondia. Alichorwa na J. Howard Miller mwaka 1943 kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse ya Marekani, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto. Bango lake lilibandikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa majuma mawili hivi, kisha likabanduliwa. Halikumwita mtu aje kazini. Lilisema na waliokwisha kuwa kazini, ili mioyo isilegee. Umaarufu lilioupata baadaye, hata likafika kwenye fulana za Tandika, wenyewe waliolibandika hawakuuota.

Bango lililoita hasa lilikuwa la Uingereza, la mwaka 1941, kazi ya Philip Zec, mchora katuni wa gazeti la Daily Mirror. Mwanamke ameinua mikono yote miwili, kiwanda kiko nyuma yake, ndege zinamiminika angani, na maandishi yanawaambia wanawake wa Uingereza waingie viwandani. Desemba ya mwaka huohuo Bunge la London likapitisha sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanawake wasioolewa wenye umri wa kuanzia miaka 20 hadi 30. Bango lilibembeleza, sheria ikafuata nyuma na rungu.

Nililotaka kujua pale mezani Tandika ni hili: mwaka huo, huku kwetu, chini ya mfalme yuleyule, vita vilimwita nani?

Dar es Salaam inajua kuitwa na vita. Kariakoo yenyewe ni jina la jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lile Waingereza waliloliita Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya mji kuchukuliwa kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916. Maelfu ya wanaume walibeba mizigo ya vita hivyo mpaka wakafa kwa kuhara na njaa, na kumbukumbu yao kubwa kuliko zote ni soko la nyanya na vitunguu. Watu wakashindwa kulitamka jina la Kiingereza, wakalifanya lao.

Vita vya pili vilipofika, mji haukuwa na viwanda vya maana vya kumwita mtu. Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba ya minazi na mikorosho yenye vijiji vya hapa na pale. Kilichotakiwa Tanganyika kilikuwa kamba. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino, Malaya na Java. Kwa mpigo mmoja Waingereza na Wamarekani wakakosa katani ya huko, na mpira pia. Manowari haifungwi gatini kwa maneno. Mkonge wa Tanga, Morogoro na Lindi ukawa silaha, na miti ya mpira iliyoachwa na Wajerumani tangu zamani ikaanza kugemwa tena.

Hapo serikali haikubandika bango. Ilikamata. Kanuni za vita zilizotungwa mwaka 1940 ziliruhusu watu kuandikwa kazi kwa lazima, na hadi vita vinakwisha zaidi ya wanaume 80,000 walikuwa wamepelekwa kwa njia hiyo kwenye mkonge, mpira na mashamba ya chakula. Wengine kiasi hichohicho walivaa magwanda ya Keya, jeshi la mkoloni, na vikosi vingine, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Hao wa jeshi waliimbiwa. Shaaban Robert alivitungia vita hivyo utenzi mrefu. Wa mkonge hawakupata mtu wa kuwatungia.

Mabango yalikuwepo, tusidanganyane. Wizara ya Habari ya London ilichapisha picha kwa lugha za makoloni, Kiswahili kikiwemo: manowari, ndege, askari. Yalibandikwa ili mtu wa hapa ajue kwamba upande wake una nguvu na utashinda. Ni mabango ya kutazamwa. Yalimwambia mwangaliaji asimame pembeni na kustaajabu vyuma vya wenzake.

Mwanamke wa mjini ndiye kabisa hakuwemo kwenye hesabu. Mshahara wa kibarua ulipangwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Mke alitakiwa abaki kijijini alime, alee, na amtunze mumewe akirudi mgonjwa. Aliyekuja mjini alijitafutia. Wengi walipika pombe na kulipia nafasi kwenye kilabu cha mji, wengine wakakaanga maandazi na vitumbua vya kuwauzia makuli wa bandarini kabla jua halijachomoza. Wachache waliotunza fedha walijenga nyumba za vyumba sita Kariakoo wakapangisha. Mwaka 1944 ikatoka amri ya kuwaondoa mjini Waafrika wasiotakiwa, yaani wasio na kazi inayotambulika. Nani alitambua kukaanga maandazi kuwa kazi?

Kuna jambo moja ambalo vita vilimfanyia mwanamke wa Dar es Salaam moja kwa moja: vilimvua khanga. Kabla ya vita nguo za bei nafuu zilitoka Japani kwa wingi, na Desemba 1941 mlango huo ukafungwa. Nguo zikaingia kwenye mgao pamoja na chakula. Mgao wenyewe ulipangwa kwa rangi, Mzungu na fungu lake, Mhindi na lake, Mwafrika na lake, na anayejua mji huu hahitaji kuambiwa la nani lilikuwa dogo. Mtu aliyezoea kutoka na doti mpya sikukuu alijikuta kwenye foleni ya kitambaa kama anayepanga foleni ya dawa.

Khanga haikuwa nguo tu, na hapa naomba nisiharakishe. Khanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini kidogo ya mji kuna mstari wa maandishi unaoitwa jina. Jina ndilo linalouza. Mwanamke dukani anaikunjua, anasoma jina, anairudisha, anakunjua nyingine, mwenye duka anavumilia. Anatafuta maneno yatakayomsemea kwa mke mwenza, kwa jirani, kwa mume aliyechelewa kurudi, bila yeye kufungua mdomo. Anaifunga kiunoni na kupita. Bango la Zec lilingoja msomaji apite mbele ya ukuta. Hili lilitembea lenyewe, likamfuata msomaji hadi kisimani. Kama kuna serikali yoyote iliyotaka kuwaita wanawake wa pwani kwa maandishi, ukuta wa kubandikia ulikuwa umeshatengenezwa zamani na wenyewe walikuwa wakiulipia.

Wa kwanza kuwaita wanawake hao kwa wingi, hata hivyo, hakutumia maandishi. Alitumia ngoma. Juni 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikuja Dar es Salaam kuwatazama TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, akauliza wanawake wao wako wapi. Viongozi wakatazamana. Aliyetafutwa alikuwa Bibi Titi Mohamed, kijana wa miaka 29, mzaliwa wa hapahapa mjini, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuandika tangazo wala kupita nyumba hadi nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kila kiongozi akaja na watu wake. Hadi Oktoba ya mwaka huo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi.

Mwanahistoria Susan Geiger, ambaye kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU kilitoka mwaka 1997, alionyesha kwa nini iliwezekana. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama cha siasa. Karani aliyeonekana na kadi alijiwekea mkate wake rehani. Mpika pombe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Mshahara ambao haukumhesabu tangu vita ndio uliomwacha huru. Fedha za vitumbua na pombe zilinunua kadi, zililipa nauli za viongozi, na dhahabu za masikioni ziliuzwa pale senti zilipopungua. Wanaume waliokuwa wakiwatuma wake zao mkutanoni kwa niaba yao walikuwa wengi kuliko wanavyopenda kukumbuka.

Miaka 12 baadaye, Februari 1967, ndipo ulipotoka waraka uliowataja wanawake wa mjini kama nguvu kazi ya taifa. Azimio la Arusha linawasifu wanawake wa vijijini kwamba hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Halafu linageukia upande wa pili: nguvu za mamilioni ya wanaume vijijini, na za maelfu ya wanawake mijini, zinapotea kwenye maongezi, ngoma na pombe, na zingekuwa hazina kubwa kama zingetumika.

Kila nikifika kwenye sentensi hiyo nasimama. Maongezi, ngoma, pombe. Hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa mtandao, jukwaa na kibubu cha chama kilipokuwa hakina ofisi ya maana. Sidhani aliyeandika alikusudia kuwatukana. Alikuwa akiwatazama kwa jicho la mhesabu, na jicho hilo, kama la mkoloni wa 1944, halikuona kazi pasipokuwa na kipande cha mshahara.

Kazi yenye kipande cha mshahara ilikuwa imeanza kuja. Mwaka uleule wa Azimio sensa ilihesabu watu kama 272,000 Dar es Salaam, mara nne ya wale wa 1948, na viwanda vilikuwa vikiota kandokando ya Barabara ya Pugu, Chang'ombe na Ubungo. Julai 1968 Mwalimu Nyerere alifungua Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, Ubungo, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa Kinondoni kabla halijawa wilaya inayojitegemea. Wachina walikijenga kwa mkopo usio na riba, wakaleta mafundi wao, na kikawa kiwanda kizima kwa maana halisi: pamba inaingia upande mmoja ikiwa robota, inatoka upande wa pili ikiwa khanga na kitenge.

Kazi ya kusokota nyuzi si ya nguvu, ni ya macho na miguu. Pia za kusokotea zinazunguka kwa mamia katika safu moja, na uzi ukikatika mfanyakazi anatakiwa auone kabla haujapoteza zamu. Anausogelea, anashika ncha mbili kwa vidole viwili, anaviringisha mara moja, anaachia. Kisha mwingine unakatika kule mwisho. Kwa zamu moja anatembea kama aliyekwenda Kimara na kurudi, ndani ya kelele ambayo watu huongea kwa kusomana midomo, na akitoka nywele zimejaa nyuzinyuzi nyeupe kana kwamba amezeeka tangu asubuhi. Mikono iliyosuka ukili na kufuma kofia ilikuwa na shule ya kutosha kwa kazi kama hii.

Lakini mlangoni kulikuwa na sheria. Urafiki ilizunguka kwa zamu tatu, na sheria ya ajira tuliyorithi kwa Waingereza ilikataza wanawake kufanya kazi ya viwandani usiku. Ilikuwa sheria ya huruma, ya kumlinda mama. Kwa meneja anayepanga zamu, maana yake ilikuwa nyepesi: mwanaume anaweza kupangiwa zamu zote tatu, mwanamke mbili. Uingereza yenyewe, ilipowahitaji wanawake wakati wa vita, ilijua namna ya kulegeza makatazo yake. Sisi tuliendelea kuyatunza wakati wenyewe wameshatuachia nchi.

Wanawake waliingia hata hivyo, na walikuwa wengi zaidi pale kazi ilipokuwa chafu au ya vidole vidogo. Katikati ya miaka ya 1960 Dar es Salaam ilipata kiwanda cha kubangua korosho kwa mashine, na meza za kuchambua zikajaa kinamama. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Yakikugusa ngozi inakuwa nyeusi, kisha inachunika kama ya nyoka. Mwanamke wa korosho ulimjua kwenye basi kwa ncha za vidole. Mwaka 1975 sheria ilibadilishwa ili mfanyakazi mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, apate likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Ni sheria ya kujivunia. Wapo waajiri walioisoma kama sababu nyingine ya kuajiri wanaume.

Na picha je? Picha zilikuwa gazetini. Uingereza ilimtumia mchora katuni wa gazeti kuwaita wanawake kazini. Gazeti la chama, Uhuru, lilikuwa na mchora katuni wake hodari, Christian Gregory, baba wa Chakubanga. Wanawake wa mjini walijaa katika katuni hizo, wenye sketi fupi na makalio ya kuchorwa kwa kalamu isiyo na haraka, wakimchuna mtu mwenye cheo. Watu walicheka, na mimi nikizipitia leo nacheka pia, maana jamaa alijua kuchora. Lakini ndiyo sura ya mwanamke wa mjini iliyomfikia msomaji kila siku. Oktoba 1968, miezi mitatu baada ya Urafiki kufunguliwa, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, mawigi na dawa za kujichubua. Vijana hawakusubiri Januari. Wasichana walizingirwa na kusumbuliwa Kariakoo. Wengi walikuwa makarani na wapiga chapa, waliokwenda au kutoka kazini. Hiyo hazina iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa kwenye kituo cha basi, ikizomewa.

Wito wa heshima ulipitia kwenye nguo. Taifa lilikuwa limetangaza vita na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kampeni zilikuja moja baada ya nyingine kwa lugha ya kivita. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakachimba vyoo na kufyeka majani, na kitambaa maalumu chenye nembo ya kampeni kilichapishwa ili watu wakivae. Mwaka uliofuata mvua zikagoma, ukaja wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. UWT, umoja wa wanawake uliozaliwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi huyohuyo, ulivaa sare za vitenge kwenye kila gwaride. Bibi Titi mwenyewe hakuwepo. Alikamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972, akarudi kuishi kimya.

Kuchapa khanga ni kupita juu ya nguo mara nyingi kama zilivyo rangi zake. Kila rangi ina kichapio chake. Nyeusi, nyekundu, ya machungwa, na kila kimoja kikisogea unywele mmoja pindo linatoka na kivuli kama mtu anayeona mara mbili. Jina huja pamoja na rangi ya mistari. Sasa picha ipate mtu ndani yake: mwanamke aliyekuja mjini hajui kusoma, anaingia darasa la watu wazima kiwandani baada ya zamu, maana miaka ya mwanzo ya 1970 viwanda vilitakiwa kuwa na madarasa ya wafanyakazi. Halafu siku moja anaisoma nguo inayompita. Herufi kubwa, moja moja. Bango la Marekani lilimkuta mfanyakazi ameshajua kusoma. Letu lilibidi kwanza limfundishe.

Vita vya kweli vilikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka na kuiteka Kagera kaskazini ya mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Hilo ndilo tangazo la vita linalokumbukwa na kila mtu wa umri fulani, na halikubandikwa popote. Lilipita redioni. Wanamgambo waliitwa, magari ya watu binafsi na mashirika yakachukuliwa, ng'ombe na mahindi vikachangwa, kinamama wa UWT wakakusanya walichoweza, na muziki wa bendi ukabadilika usiku mmoja. Wapo wanawake waliokwenda wakiwa askari. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Mtu angetegemea hapo ndipo viwanda vingefungua milango: wanaume wako Uganda, mashine ziko Ubungo, wanawake wako Manzese hatua chache. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Kwetu ilikuwa kinyume, kwa sababu ambayo mabango hayana namna ya kuitibu. Vita viligharimu takriban dola milioni 500, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei mwaka 1979, na fedha za kigeni za kununua vipuri na rangi hazikupatikana. Viwanda vya nguo vilisimama nusu siku vikingoja umeme, maji au kifaa kidogo cha kutoka nje. Kazi yenyewe ndiyo iliyokosekana. Taifa liliambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ilizaa miaka.

Ndipo khanga ikaingia tena kwenye mgao, kama 1942. Safari hii foleni ilikuwa mbele ya duka la kaya au la ushirika, na orodha ilikuwa mkononi mwa balozi wa nyumba kumi. Mzigo ukisikika umefika, habari ilipita Magomeni hadi Temeke kabla lori halijashusha. Kinamama walipanga matofali na ndala kuwekea nafasi, wakaenda kubandika uji, wakarudi. Ukifika dirishani hukuchagua jina. Ulipewa doti iliyopo, na kama maneno yake yalikuwa ya kumsuta jirani unayeelewana naye vizuri, basi mlielewana tu kwamba ni mgao. Mwanamke aliyeunga uzi Urafiki zamu ya asubuhi aliweza kukuta jioni nguo ya mikono yake imeisha, watatu mbele yake kwenye foleni.

Mwaka 1983 hatimaye ukaja wito wenye nguvu ya sheria, sawa na ule wa London wa Desemba 1941. Machi walisakwa wahujumu uchumi. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ambayo hakuna aliyeijua kwa jina lake refu. Kila mtu aliiita Nguvu Kazi. Mwenye afya lazima awe na kazi halali, na asiye nayo apelekwe ilipo, yaani kijijini shambani. Kabla mwaka haujaisha misako ilianza Dar es Salaam. Uingereza iliwaandikisha wanawake iwaingize mjini, viwandani. Sisi tuliwasimamisha barabarani tuwatoe.

Mwanamke aliyesimamishwa Tandika au Manzese akiwa na beseni kichwani aliulizwa anafanya kazi wapi. Beseni lilikuwa na moto bado. Kwa miaka hiyo mshahara wa kima cha chini uliisha kabla wiki haijafika mwisho, na kilichokula nyumbani siku zilizobaki kilitoka kwenye maandazi, bagia, kashata, barafu za watoto na pombe ileile ya mwaka 1944. Mumewe alikuwa na kipande cha kazi kinachomlinda barabarani na hakitoshi kununua unga. Yeye alikuwa na unga bila kipande. Polisi wa doria na mwanamgambo wenyewe, njaa ikiwashika saa nne, walinunua kwake.

Sheria ya namna hiyo haiwezi kusimama muda mrefu katika mji unaolishwa na wakosaji wake. Waliopelekwa vijijini walirudi kwa basi lililofuata. Serikali, ikiwa haina viwanda vya kuwapeleka wala magari ya kuendelea kuwabeba, ikatafuta njia ya kutoka bila kusema imerudi nyuma: ikaanza kuwapa wachuuzi leseni. Leseni ya Nguvu Kazi, ndivyo ilivyoitwa, kwa jina la sheria iliyokuja kuwakamata.

Ilikuwa karatasi nyepesi yenye mhuri, jina la mwenye nayo na aina ya shughuli, na hapo kwenye aina ya shughuli karani aliandika kwa mkono kile ambacho ofisi zilikuwa hazijakiandika tangu enzi za makuli: maandazi. Hakuna mkono uliokunjwa ngumi, hakuna ndege angani. Mwenye nayo aliitia kwenye mfuko wa nailoni ili isiingie mafuta, akaifungia kwenye ncha ya khanga pamoja na chenji.